Geita: Dhahabu Ardhini, Vimelea Damuni

Ndugu msomaji, utokapo Shinyanga kwenda Geita kwa njia ya Usagara, utayapita mashamba ya pamba na mpunga, kisha utavuka ziwa juu ya daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilometa 3. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2025, wasafiri walikingoja kivuko.

Miongoni mwa abiria wenzako wamo watokao Tabora, Kigoma na Kagera, wakivutwa na dhahabu. Lakini damuni mwa baadhi yao husafiri abiria asiyekata tiketi: kimelea cha malaria.

Huko machimboni Nyarugusu, duara likiachwa na kujaa maji ya mvua huwa makao ya viluwiluwi vya mbu. Mwaka 2017 uchunguzi wa Taifa ulionyesha kuwa mkoani Geita watoto wapatao 17 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa na vimelea, hali wastani wa nchi nzima ulikuwa 7.

Vimelea hivyo si vya ukoo mmoja. Mtu mmoja aweza kubeba koo kadhaa. Mbu amwumapo, koo hizo huchanganyika tumboni mwa mbu na kuzaa vimelea vyenye urithi mpya. Dawa ikiviua vilivyo dhaifu, vile vichache viistahimilivyo hubaki na kuongezeka. Ndivyo klorokwini ilivyoshindwa, nchi ikaiacha mwaka 2001. SP iliyoshika nafasi yake katika tiba nayo ilibadilishwa mwaka 2006, ikaja dawa mseto ya ALu.

Mwaka 2024 watafiti walichapisha ushahidi kutoka Karagwe, katika mkoa jirani wa Kagera, kuhusu vimelea vyenye badiliko la urithi liitwalo R561H, ambavyo hukawia kufa kwa dawa za jamii ya artemisinini. ALu iliendelea kuwaponya wagonjwa wengi. Hata hivyo, hilo ni onyo.

Basi, ndugu msomaji, ushikwapo na homa, pima kwanza. Ukikutwa na malaria na kupewa ALu, meza dozi zote 6 kwa siku 3. Usikatize ati kwa kuwa homa imeshuka na kazi inangoja. Vidonge ulivyobakiza si akiba; huenda vikawa nafasi ya kimelea sugu kuishi na kusafiri. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.