Aksanti, Nimeshiba

Wanafunzi wetu wana swali moja wasilochoka kutuuliza, hasa mvua inapopiga mabati na somo la sarufi limewachosha: «Mwalimu, kule Ulaya ulikula nini?» Sisi huwajibu kwa neno moja: viazi. Wao hucheka, nasi twarudi kwenye sarufi. Lakini jibu la kweli ni refu zaidi, na mbele ya watoto twaona haya kidogo kulitoa, maana jibu la kweli ni kwamba majuma matatu ya kwanza tulishinda na njaa. Tulishinda na njaa katika nyumba ya mfugaji, mbele ya meza iliyojaa, wala hakuna mtu aliyetunyima kitu. Wasomaji wapenzi, leo tumeona vema kulieleza jambo hili lote, kwani kati yenu mna wazazi ambao mtoto wao ataitwa siku moja kukaa kwa watu, na mna wengine watakaompokea mtoto wa watu.

Ilikuwa mwaka 2006. Umri wetu ulikuwa miaka 17, nasi tulikuwa tukisoma katika seminari ndogo huku kwetu Kivu. Shule moja ya Ubelgiji, yenye urafiki wa zamani na shule yetu, ilikubali kumpokea mwanafunzi mmoja kwa mwaka mzima, alale katika nyumba ya watu na kusoma pamoja na watoto wao. Desturi hiyo si mpya duniani. Chama kiitwacho American Field Service, kilichoanzishwa na madereva wa kujitolea waliobeba majeruhi katika vita ya 1914-1918, kilianza mwaka 1947 kuwapeleka vijana wa sekondari wakae katika jamaa za nchi nyingine. Na zamani zaidi, katika mwaka 1900, mtoto mmoja wa Kongo mwenye miaka 12, Paul Panda Farnana, alipelekwa Ubelgiji, akalelewa na bibi mmoja, Louise Derscheid. Akasomea kilimo, na baadaye akawa mmoja wa Wakongo wa kwanza kuwatetea ndugu zake mbele ya Wabelgiji. Twamfikiri mara nyingi mtoto yule siku zake za kwanza mezani, amekaa wima, akitazama mikono ya wengine ili ajue la kufanya na yake.

Sisi tulichaguliwa kwa sababu ya Kifaransa. Tulikuwa tumepata tuzo ya kwanza ya insha miaka miwili mfululizo, na jambo hilo hatukuwa tukilificha. Tukatunga hotuba ya shukrani, tukaikariri njia nzima: kuvuka Ruzizi, kupita Rwanda hadi Kigali, na usiku kucha ndani ya ndege. Asubuhi, kwenye uwanja wa ndege wa Bruseli, tulimkuta baba mwenyeji amesimama na karatasi yenye jina letu. Tukatoa hotuba. Aliisikiliza yote kwa heshima. Akajibu kwa maneno matatu au manne ya Kifaransa, akiyatafuta moja moja kama mtu atafutaye sarafu mfukoni, kisha akatwaa sanduku letu akatangulia.

Kumbe! Ubelgiji ina lugha tatu za serikali, na zaidi ya nusu ya wenyeji wake husema Kiholanzi, siyo Kifaransa. Jambo hili lilikuwa katika kitabu chetu cha jiografia. Tulilisoma, tukalijibu vizuri katika mtihani, tukalisahau. Nyumba yetu ilikuwa Flandria ya Magharibi, karibu na bahari, na lahaja ya watu wa huko ni nzito hata televisheni yao yenyewe mara nyingine huandika maneno chini ya picha, ili Waflamandi wengine wapate kuelewa. Baba alijua Kifaransa kidogo sana, mama kidogo kuliko baba. Binti wao mkubwa alikuwa akijifunza shuleni, lakini aliona haya kusema. Kijana wa pili na mdogo wake hawakujali. Bibi mzee, mamake baba, alituzungumzia tangu siku ya kwanza kwa lahaja yake bila kupunguza mwendo, nasi tulimpenda kwa sababu hiyo.

Basi ile tuzo yetu ya kwanza haikutufaa hata kuomba maji.

Tuseme kidogo juu ya mwanga, kwani ulitusumbua. Mwisho wa Agosti jua la huko hutua saa mbili na nusu usiku. Kwetu giza huingia saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima, na tumbo lajua saa yake. Huko tuliwaona watoto wakipelekwa kulala na nje bado kweupe, kuku wangali wakitembea. Tulikuwa tukilala chini ya pazia, tukihesabu saa, tukiwaza kwamba sasa nyumbani wameshamaliza bugali na sombe, na mama anafunika moto.

Na sasa chakula. Asubuhi mkate, adhuhuri mkate tuliobeba shuleni katika kisanduku, jioni ndiyo sahani ya moto, viazi na mboga na nyama. Chakula kilikuwa kizuri, nacho kingi. Lakini kila msomaji ajua namna mtoto aliyelelewa anavyokula ugenini. Mwenye nyumba asema: «Ongeza.» Mgeni asema: «Aksanti, nimeshiba.» Mwenye nyumba asema: «Hata hujala!» Mgeni akataa tena, kwa sauti ndogo zaidi. Mara ya tatu mwenye nyumba haulizi; atia tu katika sahani, na mgeni ainamisha kichwa akala. Hakuna aliyefundishwa jambo hili darasani. Tumelinyonya na maziwa.

Mama yule alituuliza mara moja. Tukasema kwa adabu kwamba tumeshiba. Akatabasamu, akampa kijana wa pili bakuli, viazi vikaisha. Jioni ya pili vilevile, na ya tatu vilevile. Tulilingojea swali la pili majuma matatu.

Mkate nao uliwekwa katikati ya meza, kila mtu akajikatia. Hakuna aliyesema «kula», basi sisi tulichukua vipande viwili vyembamba, tukaona tumezidi. Siku ya kwanza mama alikuwa ametuonyesha kwa ishara mlango wa frigo, akaufungua, akaonyesha kifua chetu: chako pia. Tulielewa vizuri. Lakini kijana wa miaka 17 huku kwetu hafunui sufuria ya mama yake, sembuse ya mama wa mwingine!

Kulikuwa na jambo la majina pia. Walituomba tuwaite kwa majina yao ya ubatizo, baba na mama, kama walivyoitana wenyewe. Tulijaribu chumbani, mbele ya kioo, ulimi ukakataa. Kumwita «Mama» pekee hatukuthubutu, kwani hakuwa ametuzaa wala kutuambia. Basi hatukumwita mtu yeyote. Tulipotaka kitu tulizunguka nyumba mpaka tusimame mbele ya uso wa mtu, tukangojea atuone. Naye alipotuona, tukatazama chini, kama inavyofaa mkubwa anaposema.

Nanyi mwajua methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kila alasiri kijana wa pili alivaa buti za mpira akaenda kwa ng'ombe pamoja na baba yake. Nasi tuliinuka. Baba alitupa ishara tukae. Alimaanisha wema, tulikuwa mgeni wake. Siku ya tatu ikapita, ya kumi ikapita, jembe halikuja. Tukapanda chumbani na daftari zetu zenye Kiholanzi, tukafunga mlango.

Hatukuweza kujua habari hizi zilionekanaje kutoka upande wa pili wa mlango.

Usiku mmoja wa juma la tatu njaa ilituamsha. Tukashuka ngazi kwa soksi, tukaingia jikoni gizani, tukafungua frigo ile tuliyoikataa mchana. Kwa mwanga wake tukakata mkate, tukaweka jibini, tukala tumesimama. Tulikuwa katika kipande cha tatu taa ilipowaka. Mama alikuwa mlangoni katika vazi lake la kulala. Sisi tukauficha mkate nyuma ya mgongo, kama mtoto mdogo. Hakupiga kelele. Alitutazama, akatazama mezani, akatia mkono kinywani, akasema maneno tusiyoyaelewa. Kisha akapanda juu, akaiacha taa ikiwaka.

Tukajua kwamba yamekwisha: tumekuwa mwizi katika nyumba ya watu, na jina la seminari tumelitia matope. Kabla ya kucha tulimwandikia Padri Mkuu wetu barua ya kurasa nne, kwa Kifaransa kizuri sana, tukiomba kurudishwa nyumbani. Barua haikuondoka. Kuondoka kwake kulihitaji tembre ya posta, tembre ilihitaji kuombwa, na mtu wa kumwomba hatukujua kumwitaje.

Dominika, baada ya chakula, motokari ndogo iliingia uani. Akashuka padri mzee, mrefu, mwenye fimbo, akaja moja kwa moja hadi tuliposimama. «Jambo, mwana. Habari ya Kivu?» Alikuwa Mmisionari wa Afrika, amekaa kwetu miaka mingi, na sasa amerudi kwao kupumzika. Kiswahili chake kilikuwa kile cha soko la Bukavu, pamoja na makosa yake yote. Sisi, tulioandaa hotuba kwa watu wasiotuelewa, sasa tumempata wa kutuelewa, hatukuweza kusema neno. Tulilia. Yeye alingoja, akisafisha miwani yake.

Kisha alituketisha jikoni, mama upande mmoja, sisi upande mwingine, yeye katikati. Akamwuliza mama kwa lahaja yao. Mama alisema kwa muda mrefu, mikono juu ya meza. Padri akatutafsiria: «Asema hivi. Mtoto huyu hali chakula chake. Hamtazami usoni. Hamwiti kwa jina hata siku moja. Akitoka shuleni ajifungia chumbani. Amefikiri unawadharau, au unakufa kwa huzuni. Ijumaa alipiga simu shuleni wakutafutie nyumba nyingine, iliyo njema kuliko yake. Kisha usiku akakukuta na mkate, akaelewa kwamba amemlaza mtoto wa watu na njaa. Toka usiku ule hajalala.»

Wasomaji, hatujapata kupigwa kipigo kama kile. Sisi tulikuwa na barua mfukoni, yeye alikuwa amepiga simu. Kila mmoja alikuwa akimwacha mwenzake kwa heshima.

Tukaeleza: ile «nimeshiba», yale macho, yale majina. Padri alitafsiri nusu yake, kisha akaanza kucheka mpaka akatoa miwani tena. Alimfundisha mama kwamba mtu wa Kivu huulizwa mara tatu. Nasi akatugeukia bila kucheka: «Na wewe, hapa mtu akikuuliza mara moja, amekwisha kuuliza. Sema ndiyo.» Tukamwambia pia kwamba huku kwetu mama huitwa kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, na kwamba kwa namna hiyo tungeweza kumwita bila aibu. Mama alirudia mara kadhaa, «Mama» pamoja na jina la binti yake, akilijaribu kama nguo. Binti akawa mwekundu, lakini tuliona amefurahi.

Methali ya jembe padri alimpelekea baba zizini. Baba hakusema kitu.

Siku tatu baadaye, saa nne ya usiku, alibisha mlango wa chumba chetu. Mkononi alikuwa na buti za mpira.

Ng'ombe zake walikuwa wa aina ya Blanc-Bleu Belge, weupe wenye madoa ya buluu, na mapaja makubwa ajabu. Wamezalishwa hivyo kwa ajili ya nyama, hata ndama amekuwa mnene kupita mlango wa mama yake. Kwa hiyo karibu wote huzaliwa kwa kupasuliwa. Sisi ni watu wa Bushi. Ng'ombe ndiye mahari yetu na ndiye heshima yetu, lakini jambo lile hatukuwa tumeliona wala kulisikia. Ng'ombe alisimama wima, macho wazi, amefungwa kichwa tu. Daktari wa mifugo alimnyoa ubavu wa kushoto, akamchoma sindano za ganzi, akapasua. Akaingiza mikono hadi mabega. Miguu ya nyuma ya ndama ikatoka, naye akatutazama baba na sisi, akampa kila mmoja mguu wake. Akasema neno moja, na neno lile halikuhitaji padri. Tukavuta. Ndama akateremka wote kwa mara moja, mzito, wa moto, akatuangusha katika majani makavu. Baba akatutupia konzi ya majani, nasi tukamsugua mpaka alipotikisa masikio.

Saa sita ya usiku tuliingia jikoni na harufu yetu. Mama alikuwa amepasha viazi. Akainua bakuli, akatuuliza.

Tukasema ndiyo.

Alisimama akiwa na bakuli mkononi, amepotewa, kwani alikuwa amejiandaa kwa maswali yote matatu. Basi akayauliza yaliyobaki vilevile, moja baada ya lingine, akipakua kila mara. Na tangu siku ile hadi mwezi wa Juni tulipoondoka, katika nyumba ile kila mtu aliulizwa mara tatu. Kijana wa pili alinung'unika, binti alicheka, na bibi mzee, ambaye kila jioni alikuwa amekataa kwa kweli, alijikuta na sahani iliyojaa.