Kigamboni: Bahari, Fununu na Uzio wa Jeshi

Kama wikiendi hii mfuko hauruhusu Zanzibar wala Bagamoyo, mshike mkono mwenzio mvuke maji. Kigamboni iko palepale, dakika chache tu kwa pantoni kutoka Magogoni. Wenye gari wana Daraja la Nyerere, la mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016. Lakini ushauri wa bure: kama mnakwenda kustarehe, pandeni pantoni. Upepo wa bahari, muuza karanga, mama na ndoo yake ya samaki kutoka Feri, na maghorofa ya Posta yakibaki nyuma yenu. Mapenzi ya bei rahisi hayo!

Angalizo moja tu. Ng'ambo ile kuna kambi ya Jeshi la Majini, kwa hiyo simu zenu zielekezeni kwenye nyuso zenu. Si utani. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 hairuhusu kupiga picha maeneo ya kijeshi bila kibali.

Na hapo ndipo stori zinapoanzia. Sisi watu wa Bongo tunajijua: penye uzio na bango la kukataza, lazima atokee mmoja kijiweni anayejua kilichomo ndani kuliko mlinzi wa getini! Ukweli wenyewe hauna mambo mengi. Kambi ilijengwa kwa msaada wa China, enzi za urafiki wa Mwalimu Nyerere na Mao. Mwaka 2014 wanamaji wa China walikuja kufanya mazoezi na wenzao wa hapa, na habari ikatangazwa hadharani. Hata yale matangi makubwa utakayoyaona huko Kigamboni ni ya mafuta. Kiwanda cha TIPER kilianza kusafisha mafuta huko miaka ya 1960, na bomba la TAZAMA linaanzia huko hadi Ndola, Zambia.

Sasa tuje kwenye stori yenyewe. Februari 2008 Rais George W. Bush wa Marekani alitembelea Dar. Mwaka huohuo serikali ikatangaza mpango wa mji mpya wa Kigamboni. Mtaani mambo hayo mawili yakafungishwa ndoa: Kigamboni imeuzwa kwa Bush! Na kwa kuwa Marekani ilikuwa ndiyo kwanza inaunda kamandi yake ya kijeshi ya Afrika, AFRICOM, neno "kambi" halikuchelewa kuongezwa. Siku moja tu baada ya kuondoka kwetu, akiwa Ghana, Bush alikanusha kwamba Marekani inataka kujenga kambi mpya Afrika. Makao makuu ya AFRICOM yako Stuttgart, Ujerumani, tangu mwanzo mpaka leo.

Usiwacheke waliovumisha, maana hofu ya namna hiyo ina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walijenga kituo Tunguu, Unguja, cha kuwasiliana na vyombo vyao vya anga. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa moja ya vituo vilivyomfuatilia njiani. Wanasiasa waliokipinga walisema ni kituo cha makombora. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali ya Mzee Karume ikaagiza kifungwe, na Wamarekani wakafungasha. Huko kwao nako ni yaleyale. Serikali yao ilificha uwanja wa majaribio wa Nevada, Area 51, ulioanza kutumika 1955 kujaribu ndege za upelelezi za U-2. Watu waliona vitu vinang'aa juu sana angani, hawakupewa maelezo, wakajijibu wenyewe: wageni kutoka sayari nyingine! CIA ilikuja kukiri kwa maandishi mwaka 2013.

Ubaya wa fununu tamu ni kwamba inakula nafasi ya swali la maana. Wakati tunamjadili Bush, wakazi wa Kigamboni walikuwa wamezuiwa kujenga na kuendeleza maeneo yao kusubiri mpango, na mji ule haukujengwa kama ulivyochorwa. Mtu ana msingi wake, ana matofali yake, harusi imeshafungwa, nyumba haiendi. Hilo ndilo lililoumiza familia.

Na kuna lililoumiza zaidi. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika ghala la jeshi Mbagala, Temeke. Tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka tena, safari hii Gongo la Mboto. Kila tukio liliua watu zaidi ya 20, na nyumba nyingi zikabomoka. Hapakuwa na Mmarekani wala makombora ya ajabu. Zilikuwa silaha zetu wenyewe, ghalani, nyumba za watu zikiwa jirani. Swali la "kutoka ghala hadi kitanda cha mtoto ni hatua ngapi?" halina utamu wa kijiweni, lakini ndilo lililostahili kuulizwa mapema.

Kwa hiyo nyinyi mnaodunduliza kununua kiwanja Kibada au Mjimwema, msimalizane na dalali juu kwa juu. Nendeni ofisi ya ardhi, tazameni ramani, muulize mpaka wa jeshi unaishia wapi na eneo limepangiwa nini. Kagueni bikoni kwa macho yenu, tena mwende wawili. Kama mwenzio anakasirika ukiuliza maswali ya kiwanja, hilo nalo ni jibu!

Mkimaliza, teremkeni Mjimwema mkaogelee, au sogeeni mpaka Gezaulole mle samaki. Kijiji hicho kilipewa jina enzi za Ujamaa, na kwa Kizaramo maana yake ni "jaribu uone". Sasa nanyi mnasubiri nini?