Pikipiki ya Marehemu Ina Wenyewe



Wapenzi wasomaji, mali ya marehemu haiishii kwenye nyumba na shamba. Ipo pia ile iliyofunikwa kwa magunia ghalani, ambayo hapana anayeihesabu kwa kuwa imeshika kutu na machoni pa watu haina thamani. Juma hili nawaletea habari ya mali ya namna hiyo: pikipiki kuukuu ya marehemu kaka yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambayo aila yetu imeifufua hapa Kipkelion, katika vilima vya kaunti ya Kericho.

Kwenu mlioko pwani, Kipkelion si ugenini kama mnavyodhani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa kabla ya kufika Kisumu mwaka 1901, na kituo chetu kiliitwa Lumbwa kwa miaka mingi. Kaka yangu alikuja kwa treni akiwa kijana, akawa mchuuzi wa kanga na vitambaa katika masoko ya huku. Nchi hii ni ya kupanda na kushuka. Ukielekea Kericho utakuta majani chai. Upande wetu ni kahawa, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Mvua ikinyesha, udongo huwa utelezi mtupu. Kwa sababu hiyo alinunua Yamaha DT 175 iliyokwisha kutumika, akawa anafika nayo sokoni siku ambazo magari yalikwama.

Watoto huiita motokrosi, na hawajakosea sana. Motokrosi ni mashindano ya pikipiki katika matope na vilima. Waingereza waliyafanya huko Camberley tangu mwaka 1924, na hapa kwetu huonekana katika uwanja wa Jamhuri, Nairobi. Kampuni ya Yamaha ilipotoa DT-1 mwaka 1968, ilitengeneza pikipiki ya kupita katika nchi mbaya kama zile za mashindano, lakini yenye taa na honi ili mtu aende nayo barabarani. DT 175 ni ya ukoo huo: gurudumu la mbele la inchi 21, la nyuma la inchi 18, tumbo lililoinuka juu ya mawe, na injini ya mipigo miwili ambayo mafundi huiita tu-stroki.

Kaka alipofariki, wazee waliosimamia mirathi walilipa madeni waliyoyajua, wakagawa nyumba, duka na ng'ombe. Pikipiki haikutajwa. Ilikuwa imelala miaka kadhaa, pistoni imegandamana na silinda, tangi limetoboka. Kisha akapita mnunuzi wa vyuma chakavu, akataja shilingi 3,500. Mtoto wa kiume wa marehemu, kijana wa miaka 22, akawa tayari kuipakia kwenye mkokoteni.

"Ami," aliniambia, "hiki ni chuma tu."

"Chuma cha nani?" nikamuuliza.

Swali hilo ndilo lililotuweka kitako. Marehemu ameacha mjane, mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili. Mkubwa ameolewa Malindi, mdogo ana miaka kumi. Mimi, kwa kuwa marehemu ana mtoto wa kiume, sirithi kitu. Mafungu yao yako wazi: mjane thumuni, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Ukigawa kwa mafungu 32, mama anapata 4, kijana 14, na kila binti 7. Baadhi ya jamaa walicheka. Walisema hakuna haja ya kumpigia simu mtu aliyeko Malindi kwa ajili ya gunia la kutu. Lakini aya ya 7 ya Suratun Nisaa inatufahamisha kwamba wanawake wana fungu lao katika walichoacha wazazi na jamaa, iwe mali chache au nyingi. Neno hilo "chache" limewekwa kwa ajili ya ghala kama letu.

Tukaita mafundi wawili wasio jamaa zetu. Walikubaliana kwamba kwa mtu anayetaka kuitengeneza, pikipiki ilivyo ina thamani ya shilingi 16,000. Binti wa Malindi alikuwa akitusikiliza kwenye simu. Nikauliza, kama inavyopasa kuulizwa kabla ya mgao wowote, iwapo kuna mwenye haki nyingine katika mali hii.

Shemeji yangu alikuwa amekaa karibu na mlango. Tangu siku ya msiba hakuwa amesema lolote juu ya mali. Akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, ile pikipiki ilinunuliwa kwa bangili zangu."

Akatueleza kwamba aliziuza mwenyewe, akampa mumewe shilingi 8,000 kuwa karadha, si hiba, naye marehemu akaahidi kulipa biashara ikinyanyuka. Haikunyanyuka kwa kiasi hicho. Hakuna kilichoandikwa wala shahidi aliyekuwapo. Tulipomuuliza kwa nini hakusema mapema, alijibu kwamba hakuna aliyemuuliza, na kwamba aliona haya kumdai mtu aliyemo kaburini.

Ndugu zangu, deni hutangulia mirathi. Lakini deni lisilo na ushahidi halimfungi mtoto ambaye hajabaleghe, wala mtu mwingine hawezi kukiri au kusamehe kwa niaba yake. Tulimwendea kadhi, kwa kuwa Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imeipa mahakama yake mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nayo. Kijana na dada yake mkubwa walikiri deni kwa hiari yao. Kila mmoja akabeba kwa kadiri ya fungu lake: kijana shilingi 3,500, dada yake shilingi 1,750. Fungu la mtoto mdogo halikuguswa.

Hesabu ikasimama hivi: kijana 3,500, binti mkubwa 1,750, binti mdogo 3,500, na mama yao 7,250. Kile kilichoitwa chuma cha wanaume kikawa, zaidi ya mtu mwingine yeyote, mali ya mwanamke aliyekaa karibu na mlango. Kijana alinyamaza kitambo, kisha akaenda kumwambia mnunuzi wa vyuma asirudi, mpaka mama aseme. Mama akasema haiuzwi.

Ndipo kazi ya mikono ilipoanza. Nilitangaza mbele ya wote kwamba jasho langu na fedha nitakazotoa ni hiba, sitadai fungu. Kijana naye akatoa hiba ya vibarua vyake kwa mama na dada zake. Binti mdogo akawa karani: kila nati iliyonunuliwa iliingia katika daftari lake la shule, pamoja na bei.

Tulijaza dizeli juu ya pistoni kupitia tundu la plagi, tukaiacha siku tisa, ndipo ikaachia kwa kugongwa polepole kwa kipande cha mti. Silinda ilikwenda Nakuru kuchongwa upya, ikarudi na pistoni na ringi za saizi iliyofuata. Tangi tuliliziba, tukalitia siki na kokoto, tukalitikisa kwa zamu hadi kutu ikatoka. Kabureta tuliifungua mara tatu, kwani tundu la jeti ni dogo kuliko ncha ya sindano, na chembe moja ya uchafu inatosha kuinyima injini petroli.

Somo kubwa lilikuwa sili za krenki, mipira miwili ya bei ndogo inayokaa pembeni mwa injini mahali pasipoonekana. Injini ya mipigo miwili huvuta pumzi kupitia tumboni mwake. Sili ikichakaa, hewa huingia kwa wizi, petroli na oili zinazofika zinakuwa haba, moto unapanda na pistoni inaganda. Fundi mzee alituonyesha kwamba hilo ndilo lililoiua pikipiki ya kaka. Aliyebadili pistoni peke yake angeiua tena ndani ya mwezi.

Baada ya miezi saba daftari lilisoma shilingi 18,600, na injini ikawaka kwa teke la nne. Moshi wa buluu ulijaa uani, mbuzi wakakimbia. Shemeji alitoka jikoni, akaiangalia, akasema tu kwamba sauti ni ileile, kisha akarudi kwenye chungu chake.

Sasa kijana, ambaye ana leseni na kofia ngumu, hupeleka maziwa ya mama yake chamani kila alfajiri, na jirani wawili humlipa awapelekee yao. Mwisho wa mwezi, petroli na oili zikitolewa, faida hugawanywa kwa hesabu ileile iliyomo daftarini. Ya mtoto mdogo huwekwa kando. Aghalabu ni shilingi mia moja na kitu, lakini ni zake na anazijua. Binti wa Malindi alipokuja likizo, alizungushwa nayo shambani na kaka yake, akashuka akicheka, huku akiuliza fungu lake ni gurudumu lipi.

Wapenzi wasomaji, nendeni mkaangalie maghala yenu. Cherehani isiyoshona, dau lililopinduliwa ufukweni, saa ya babu iliyosimama: vyote vina wenyewe, na kutu haifuti haki ya mtu. Nanyi dada zangu, mkiwakopesha waume zenu, andikeni na mshuhudishe. Si kukosa imani, kwani aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana deni. Nanyi wazee mnaosimamia mirathi, msisubiri mjane aseme. Muulizeni, kisha mpeni nafasi ya kujibu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, atuwezeshe kuwalipia madeni yao, na awalinde mayatima wetu na mali zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.