Kitabu cha Wafalme wa Pate

Msafiri atokaye Ndera kwenda pwani huteremka pamoja na mto Tana, akipita migomba na miembe ya Wapokomo, na ng'ombe wa Waorma wakishuka kunywa maji. Karibu na Garsen njia hugawanyika: moja huenda Malindi, na ya pili hushika mashariki mpaka Witu na Lamu. Wengi wapitao Witu hawateremki garini, maana si mji mkubwa. Lakini hapo ndipo kilipopotea kitabu ambacho wataalamu wa historia ya Waswahili wangali wakikililia.

Witu ulijengwa katika karne ya 19 na Ahmad, aliyejulikana kwa jina la Simba, wa ukoo wa Nabahani waliotawala Pate. Aliposhindwa katika vita na Sultani wa Unguja aliingia bara, akajificha nyuma ya msitu. Watumwa waliotoroka mabwana wao nao wakapata kimbilio kwake. Basi haukuwa mji wa wafalme tu. Yasemwa kwamba ndani yake palihifadhiwa kitabu cha wafalme wa Pate, kilichoandika kila mfalme na miaka yake, kuanzia Nabahani wa kwanza aliyefika, kwa hesabu ya kitabu, mwaka 600 wa Hijra.

Mwezi wa Septemba 1890 Wajerumani kadhaa waliuawa Witu wakati wa Sultani Fumo Bakari. Mwezi wa pili yake manowari za Kiingereza, chini ya Admeri Fremantle, zilishusha askari, na mji ukashambuliwa na kuchomwa moto. Kitabu, kama wazee walivyohadithia, kilipotea siku hizo. Wako wataalamu wanaoshuku kama palikuwa na kitabu kimoja cha asili. Shaka hiyo ina haki yake, ila ni vigumu kupima kitu kilichokwisha kuwa majivu.

Kilichosalia kilikuwa kichwani mwa watu, hasa cha Muhammad bin Fumo Omari, aliyeitwa Bwana Kitini, mtu wa ukoo ule ule. Stigand, ofisa wa Kiingereza, aliyasikia masimulizi yake akayachapisha kwa Kiingereza mwaka 1913. Nakala nyingine iliandikwa kwa ajili ya Hollis, mtumishi wa Serikali, na Alice Werner akaichapisha kwa Kiswahili na Kiingereza mwaka 1914 na 1915. Ya tatu ilichapishwa na Heepe huko Ujerumani mwaka 1928.

Nakala nyingine zilibaki katika mikono ya wenyeji, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Watu wa Pate na Lamu walikiita kitabu «chuo», na kwa bahati njema vyuo hivyo vikapata chuo cha kuvitunza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, na katika miaka iliyofuata J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya hati za Kiswahili na za Kiarabu kwa ajili ya maktaba yake. Orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Humo nakala za habari za Pate zimepewa namba 177, 321, 344 na 358, nazo nne hizo ndizo alizozitumia Marina Tolmacheva kwa kitabu chake cha mwaka 1993.

Azilinganishaye hukuta kwamba hazikubaliani. Mfalme aliyetawala miaka mingi katika moja hupungukiwa katika nyingine, na kisa kirefu hapa huwa mstari mmodi pale. Mwandishi mmoja aliongeza aliyoyasikia nyumbani kwake, mwingine aliruka asiyoyapenda. Kwa hakimu jambo hili lingekuwa ushahidi mbovu. Kwa mwanahistoria ni mali, kwa kuwa humwonyesha nani alitaka nini kikumbukwe.

Ugumu uliopo ni wa kusoma. Zamani mtoto wa pwani alifundishwa herufi hizo madarasani na kuzitumia kwa barua za biashara na mashairi. Leo Kiswahili huandikwa kwa herufi za Kirumi, na wawezao kufungua hati namba 177 na kuisoma bila kusita wanazidi kuwa wachache. Ndani ya masanduku, huko Lamu na Pate, zimo karatasi ambazo hata wenye nyumba hawazijui ni hati za shamba au ni utenzi. Nazo mchwa hawachagui.