Sauti ya Mlinda Lango



Katika viwanja vyetu vya Kabambare, kipa huchaguliwa mara nyingi kwa urefu wa mikono yake, au kwa sababu hakufaa kwingine. Akishasimama golini, hufundishwa kudaka, kuruka na kupiga mpira mbali. Ni mara chache kufundishwa kusema. Hata hivyo, kati ya wachezaji 11, ni yeye peke yake aliye na uwanja wote mbele ya macho yake. Beki anayemkabili mwenye mpira hamwoni mshambuliaji apitaye mgongoni mwake, kipa humwona. Lakini anayeona akanyamaza hatofautiani na asiyeona.

Sisi tuliosomea ualimu hatumwanzishi mtoto kwa maneno mengi. Matatu yatosha: "Yangu!" anapoufuata mpira mwenyewe, "Ondoa!" beki anapopaswa kuupiga mbali, na "Nyuma yako!" adui anaponyemelea. Haya mawili ya mwisho yatanguliwe na jina la anayeambiwa, kwa maana amri isiyo na jina huwakimbiza wawili pamoja, au haimkimbizi yeyote. Tena isemwe mapema. Katikati ya mazoezi twapiga filimbi, wote wanasimama walipo, kipa anageuka kutupa mgongo na kutueleza nani yuko wapi. Siku za kwanza huwataja watatu tu. Baada ya majuma kadhaa huwataja karibu wote.

Kikwazo kikubwa si macho, bali heshima. Kijana wa miaka 14 atamwamurije beki wa miaka 19? Tumelelewa kutowapazia wakubwa sauti, na malezi hayo ni mema. Basi aite, "Yaya, kushoto!" Heshima imebaki, na kazi imefanyika. Naye mkubwa ajifunze kutii sauti ya mdogo anayeona asichokiona yeye.

Kikwazo cha pili ni sisi watu wazima tulio kando ya uwanja. Tukipiga kelele kila dakika, kipa huacha kuutazama mchezo akatutazama sisi. Adhabu ndogo ikipigwa, mwacheni aamue mwenyewe ukuta uwe na watu wangapi. Mchezo ukiisha, mwulizeni kwa nini aliamua hivyo.

Wazee wetu wanaikumbuka tarehe 18 Juni 1974. Huko Gelsenkirchen, katika Kombe la Dunia, Zaire ilikutana na Yugoslavia. Baada ya mabao 3, kipa Kazadi Mwamba aliondolewa, akaingia Tubilandu. Mabao mengine 6 yakafuata. Kumbadili mtu golini hakukuziba njia zilizokuwa wazi mbele yake. Nasi sote tulishangilia tarehe 28 Januari 2024, kule San Pédro, kipa Lionel Mpasi alipofunga penalti iliyoitoa Misri, 8 kwa 7. Penalti ni kazi ya mtu mmoja. Dakika 120 zilizoitangulia zilikuwa kazi ya watu 11, na lango halikulindwa na mikono miwili tu.

Kwa hiyo, katika mazoezi yajayo, viongozi wa vikundi wanyamaze kwa nusu saa, sauti isikike ya kipa peke yake. Bao likiingia, msimkaripie. Mwulizeni aliona nini, na alimwambia nani.