Mabaka Yaliyodhaniwa Ukoma

Majibu ya kipimo changu cha kwanza yalikuwa na maneno machache: ngozi ina uvimbe wa muda mrefu, chanzo hakijulikani. Mgonjwa afanye nini na jibu kama hilo? Mabaka meupe yalianzia makalioni, yakapanda kiunoni, yakashika na mapaja. Dawa za fangasi zilizokuwa madukani Tanga nilizimaliza. Nyumbani likaingia neno ukoma. Wifi yangu hakulitamka mbele yangu. Alitenga tu sahani yangu na kikombe changu.

Tabibu wa zahanati yetu alikuwa amesomea Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC tangu 1992. Alinifumbisha macho, akawa ananigusa kwa pamba juu ya mabaka. Kila mguso niliuhisi. Baka la ukoma mara nyingi hufa ganzi, akaniambia, basi nenda kwa daktari wa ngozi.

Daktari huyo, mama mpole wa sauti na mkali wa maswali, hakuishia kwenye majibu ya kile kipimo cha kwanza. Aliomba fomu iliyokuwa imepelekwa maabara pamoja na kinyama cha ngozi yangu. Penye maelezo ya mgonjwa paliandikwa "upele", basi. Akampigia simu mpatholojia wa maabara hapohapo. Nilisikia upande mmoja wa mazungumzo: yako sehemu zisizopigwa jua, yana miaka, amepakwa steroidi. Kumbe krimu niliyouziwa ya kutuliza muwasho ilikuwa na steroidi, nayo ilikuwa inafifisha dalili zenyewe zinazotafutwa kwenye hadubini.

Nikaambiwa niache kupaka chochote kwa wiki kadhaa. Wiki hizo sizitamani tena. Usiku nilijikuna mpaka shuka likaingia damu. Kisha nikachomwa ganzi, vikachukuliwa vinyama kutoka mabaka tofauti, vikatiwa kwenye formalini, na safari hii fomu ilijaa mwandiko, na picha za mabaka yangu zikaambatanishwa.

Mpatholojia aliona seli nyeupe za damu, limfosaiti, zimejipanga chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi na nyingine zimepenya ndani yake. Peke yake, alisema, angesita, maana yapo magonjwa mengine yanayofanana na hayo kwenye slaidi. Naye daktari wa ngozi kwa macho tu asingeweza kuapa. Wakakaa wawili na slaidi na picha zangu, zikaongezwa rangi maalumu za kutambua aina ya seli, ndipo wakakubaliana: mycosis fungoides, saratani ya limfu inayoanzia kwenye ngozi, ya aina inayotoa mabaka meupe na kuonekana zaidi kwa watu weusi.

Cha ajabu, saratani ndiyo iliyorudisha sahani yangu kwenye kabati la wote, kwa kuwa haiambukizi. Ukoma nao una dawa za bure, na mgonjwa akishaanza kuzinywa haambukizi tena. Lakini hilo wifi hakuwahi kuambiwa na mtu.

Namshukuru Mungu, yangu ilikuwa bado hatua za mwanzo. Nilitibiwa kwa miale ya UVB, nikisimama ndani ya kabati la taa mara kadhaa kwa wiki, na rangi ikarudi taratibu, kiunoni kwanza. Baka moja la paja limegoma. Limechukuliwa kinyama tena, na mpatholojia ameomba slaidi za zamani azilinganishe kabla hajaandika jibu.