Kufuga samaki ni kufuga maji (na habari za furu wa kidato cha tatu)

Haya wadau, testi zimeisha, tunasubiri majibu, Mungu atatusaidia. Tangu nirudi kutoka TP watu wanapita geto kwangu kuangalia samaki na maswali ni yale yale mawili. La kwanza: "Hao utawala lini?" La pili, la wale wenye nia: "Na mimi nataka, nianzie wapi?" La kwanza jibu lake fupi: hawaliwi, wana urefu wa kidole, utashiba nini? La pili nimelijibu kwa mdomo mpaka nimechoka. Leo naliandika lote hapa, atakayeniuliza tena namwambia kasome. Humo humo nitawapa na habari za TP, maana yaliyotokea kule ndiyo yaliyonifanya nione kwamba hii kitu si pambo la sebuleni tu.

TENKI

Usiende kununua tenki la bei mbaya mjini. Nenda kwa fundi vioo anayetengeneza madirisha, mwambie unataka boksi la kioo la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, kioo cha milimita 5 au 6. Hilo linabeba lita 54. Mwambie atumie silikoni ya kawaida isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana ile dawa inaua samaki. Ukishalipata liache siku kadhaa mpaka ile harufu kama ya siki iishe kabisa, halafu lijaze maji uone kama linavuja. Fanya hilo nje, siyo juu ya kitanda cha rumeti wako.

Pia kumbuka lita moja ni kilo moja. Tenki likijaa una zaidi ya kilo 50, yaani mfuko wa saruji umekaa juu ya meza. Kile kimeza cha plastiki cha kusomea hakiwezi, wala usijaribu.

MAJI (hapa ndipo penyewe)

Wengi wanadhani wanafuga samaki. Hapana jamani, unafuga maji, samaki wanajifuga wenyewe. Samaki anakula, anakunya, anakojoa na kupumua humo humo. Uchafu wake unatoa amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu, halafu bakteria wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa mpaka izidi sana. Sasa hao bakteria hawapo siku ya kwanza. Wanachukua kama wiki 4 mpaka 6 kujijenga kwenye sponji ya filta, kwenye mchanga na kwenye mawe. Ndiyo maana mtu ananunua samaki Jumamosi, anaweka tenki jipya linang'aa, Jumatano wanaelea tumbo juu, halafu anasema kauziwa wagonjwa!

Kwa hiyo fanya hivi. Weka maji, washa filta, tupia chakula kidogo kama vile samaki wapo kiendelee kuoza, na usubiri. Njia ya mkato ya halali ni moja tu: omba kipande cha sponji chafu kutoka kwenye tenki la mtu ambalo limeshakomaa. Mimi ninayo ya ziada, njoo uchukue bure. Ukija na soda sikatai.

Maji ya bomba yana klorini, na klorini inaua hao bakteria na kuunguza matamvua ya samaki. Kinga kwenye ndoo, acha wazi siku nzima na usiku wake ndipo uyatumie. Maji ya visima vya hapa Dar mengi yana chumvi, onja kwanza. Kila wiki toa robo ya maji na uweke mengine, kwa tenki letu ni ndoo moja ya lita kumi na kidogo. Usitoe yote! Na sponji usiioshe kwa maji ya bomba, ikamulie kwenye yale maji uliyotoa tenkini. Ukiiosha ikawa nyeupe pee umeua jeshi lako lote.

CHAKULA NA UMEME

Lisha mara moja au mbili kwa siku, kiasi watakachomaliza ndani ya dakika mbili. Kinachobaki kinaoza, na kikioza tunarudi kwenye amonia. Dagaa wa ziwani waliokaushwa bila chumvi, ukiwasaga wakawa unga, wanafaa. Viluwiluwi vya mbu ndiyo pilau yao, na hapo unakuwa umesaidia taifa.

Umeme ukikatika usilishe kabisa. Samaki mzima anaweza kukaa siku mbili tatu bila kula, ila hewa hawezi kuikosa. Chota maji kwa jagi, yamwage toka juu, rudia rudia kila baada ya muda. Ukiona wamepanda juu wote wanahema mdomo wazi, maji yameishiwa hewa au yamechafuka. Badilisha robo mara moja, maswali baadaye.

KUZALISHA: ANZA NA GAPI

Gapi anatoka Trinidad na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Jina lake linatokana na Robert John Lechmere Guppy aliyewapeleka Uingereza kutoka Trinidad mwaka 1866. Joto la Dar linamfaa bila hita, na hatagi mayai, anazaa vifaranga hai. Weka dume mmoja kwa majike wawili, ili jike mmoja asisumbuliwe mchana kutwa. Mimba ni kama mwezi mmoja. Jike anatunza mbegu za dume mwilini miezi kadhaa, kwa hiyo usishangae jike uliyemtenga peke yake anazaa na anazaa tena. Hakuna muujiza hapo, wala hakuna wa kumshuku.

Tatizo ni kwamba mama akishazaa anawala wanawe. Dawa yake ni majani mengi ya majini yanayoelea, vifaranga wajifiche humo, au uwahamishie kwenye chombo kingine. Wape unga laini wa dagaa au kiini cha yai la kuchemsha, kiasi cha ncha ya kijiti tu, maana yai linachafua maji haraka sana. Wakifika kama wiki nne anza kutenga madume na majike, la sivyo baada ya miezi mitatu utakuwa na ukoo mzima na tenki ni lile lile.

Hapo bumu likichelewa gapi wanasaidia. Nimewahi kuuza jozi sita nikanunua karatasi na chakula cha wiki. Utajiri hamna, lakini hukopi kwa Mangi.

FURU

Sasa habari za TP. Shule niliyopangiwa iko kijiji cha ziwani, kwetu huko mkoa wa Mwanza. Maabara ipo, ina meza na ina kufuli, vifaa ndiyo hamna. Nilipewa kidato cha tatu, baiolojia, mada ya uzazi. Unachora ubaoni, wananakili, wanakariri, kesho wamesahau. Nikaongea na mwalimu wa somo, hela yangu ya TP na mchango wa walimu vikatengeneza tenki la lita 144. Samaki hatukununua. Baba yangu mdogo ni mvuvi wa sangara, na wavuvi wa sangara wana ndoo ya chambo, na ndani ya ndoo ya chambo kuna furu hai.

Kwa wasiotoka kanda ya ziwa: furu ni wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wa ukoo mmoja na sato. Wanachomekwa kwenye ndoana wakiwa hai ili sangara awafuate. Baba mdogo alinipa saba, akacheka sana. "Umesomea chuo kikuu ili ufuge chambo?"

Wanafunzi nao walicheka. Furu kila mtu anamjua, nani atamtazama? Lakini baada ya wiki ya tatu dume mmoja akang'aa rangi, akachimba shimo kwenye mchanga, akawa anatetemeka mbele ya majike. Kwenye pezi lake la chini nyuma kuna madoa ya manjano kama mayai. Jike anataga, anayadaka mayai yake mwenyewe mdomoni, halafu anayaona yale madoa ya dume, anadhani ni mayai yamebaki, anayadonoa, na hapo ndipo anapopata mbegu. Mayai yanarutubishwa mdomoni! Darasa lilikuwa kimya, nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu nifike.

Kesho yake yule jike hakula. Siku ya tatu hakula. Kidevu kimevimba. Vijana wakasema mgonjwa huyo, mwalimu mtoe asiambukize wengine. Binti mmoja wa nyuma ambaye hajawahi kunyoosha mkono, baba yake naye ni mvuvi, akasema, "Hapana mwalimu, ana watoto mdomoni. Sato naye anafanya hivyo." Ni kweli kabisa, sato jike hulea mdomoni vile vile. Nikamwambia basi wewe ndiye daktari wake.

Furu analea mdomoni kama wiki mbili mpaka tatu, na muda huo anakonda maana hali. Ukimsumbua anaweza kuyatema au kuyameza. Ushauri kwa wafugaji: mwache palipo na utulivu, usimkimbize na wavu. Sisi tulifunika upande mmoja wa kioo kwa magazeti. Mimi nilikuwa nimebakiza siku nne za TP na nikawa naomba Mungu wasije wakatoka nimeshaondoka.

Siku ya 17 binti alikuja mbio ofisini, hata shikamoo akasahau. Tukahesabu vifaranga 23, kila mmoja kama sentimita moja. Kijana mmoja akasogeza kidole kwenye kioo, mama akafungua mdomo na wote wakarudi ndani, fyuu! Darasa likapiga kelele mpaka mkuu wa shule akaja. Halafu binti akasema taratibu, "Mwalimu, kumbe tunawatundika kwenye ndoana na watoto wao mdomoni."

Sikuwa na jibu la haraka. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye sangara, na chambo cha sangara huyo ni furu. Siwezi kusimama pale nikamtukana mvuvi.

Ila niliwaambia ninachokijua. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu. Sangara aliletwa miaka ya 1950, na miaka ya 1980 akaongezeka ghafla. Watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walikuwa wakiwahesabu furu kwenye Ghuba ya Mwanza tangu mwaka 1977, wakashuhudia aina baada ya aina zikiacha kuonekana. Makadirio yao ni kwamba aina kama 200 zilipotea. Na si sangara peke yake. Mwaka 1997 ulitoka utafiti ulioonyesha kwamba maji yakichafuka jike hawezi kuona vizuri rangi ya dume, anapandana na wa aina nyingine, na aina mbili zinakuwa moja. Yaani tope na mbolea za huku juu zinafuta samaki kule chini. Mnaona? Tumerudi kwenye maji.

Baadhi ya furu wamerudi tangu miaka ya 1990, sangara alipopungua. Wengine leo wapo kwenye matenki ya Ulaya na Marekani tu. Miaka hiyo hiyo ya 1990 bustani za wanyama za Marekani ya Kaskazini zilianzisha mpango wa pamoja wa kuwazalisha, na wapo watu wa kawaida huko wanaowafuga sebuleni. Sina wivu nao, wamefanya kazi nzuri. Kinachoniuma ni kwamba mtoto aliyezaliwa mita mia mbili kutoka ziwani anamjua furu kama chambo tu, na hakuna aliyemfundisha kumweka hai hata mwezi mmoja. Kumfundisha ni kioo, sponji, ndoo na subira. Subira hiyo hata mwalimu asiye na maabara anaweza kuwa nayo.

Ombi moja zito: samaki wa tenkini usimwage mtoni wala ziwani. Ukichoka nao wape mtu. Tumeshaona mgeni mmoja alichofanya kwenye ziwa letu.

Tenki lilibaki shuleni. Ufunguo anao mwalimu wa somo, na binti ameandika zamu ukutani, nani analisha, nani anabadilisha maji. Jumamosi nilipiga simu: vifaranga 19 wazima, na jike mwingine ameacha kula. Wanachogombana sasa ni nani atabaki na ufunguo shule ikifungwa Desemba, na binti amesema nyumbani kwao ndiko karibu zaidi.

Kwa leo naishia hapo. Anayetaka sponji aje kabla ya Ijumaa, nabadilisha maji siku hiyo. Na mje na ndoo zenu.